Simu Yangu Kwenye Mtandao wa Wageni

Nyumba hii ya mtaa wa Fedha ni yangu. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki hudhani nilikuwa nikiishi kwa mtoto. Mimi na mume wangu tulinunua kiwanja kupitia chama cha ushirika cha kazini, tukajenga chumba baada ya chumba, na alipofariki nikaimalizia ghorofa ya juu peke yangu. Mwanangu wa pili ndiye aliyerudi kuishi na mimi, alipopata kazi ya kufanyia nyumbani kwa kampuni ya ng'ambo. Nilimpa chumba cha juu chenye dirisha kubwa. Akaweka meza, kompyuta mbili na kiti chenye magurudumu, na siku ya tatu akaniomba ruhusa ya kupanga upya intaneti ya nyumba, kwa sababu waajiri wake walikuwa na masharti. Nikamwambia apange. Sikuuliza zaidi. Hilo lilikuwa kosa langu, na nalikubali.

Yaliyofuata yalianzia kanisani.

Nimeimba sauti ya pili katika kwaya yetu kwa muda mrefu kuliko umri wa kiongozi wake wa sasa. Ni kijana mwenye sauti nzuri na haraka nyingi. Jumapili moja baada ya ibada alituita kina mama sita pembeni, karibu na stoo ya viti. Akatueleza kwamba tamasha la makanisa ya eneo letu limekaribia, nyimbo ni tatu, zote mpya, zote ngumu, na muda ni mfupi. Kwa hiyo alikuwa ameonelea sisi tupumzike mara hii. Alikuwa akitabasamu.

"Mtatusaidia kwa maombi," akasema.

Katika sisi sita kulikuwa na muuguzi mstaafu, fundi wa cherehani, mama anayeuza mboga Tassia tangu wakati barabara ya kule ilikuwa tope tupu, na wawili ambao wamelea watoto, kisha wakalea wajukuu, na bado wanalea. Maombi tunayajua. Hatukuhitaji kupewa maombi kama peremende ya kumnyamazishia mtoto.

Tulipofika getini nikawaambia waje kwangu Alhamisi saa tisa. Nyimbo tungejifunza wenyewe, halafu tungemwimbia.

Aliyetufundisha miaka yote ile ni mwalimu mstaafu anayeishi mtaa wa Ziwani. Miguu ilimkatalia ngazi za kanisa, lakini sauti bado anayo, na hana anayemwogopa. Nilimpelekea makaratasi ya nyimbo zile tatu. Nikaegemeza simu yangu kwenye chupa ya chai, akaketi mbele yake na kuimba kila sauti peke yake, ya kwanza mpaka ya nne, huku akionyesha kwa mkono pa kuvuta pumzi na pa kushikilia. Mkono ule ndio uliokuwa somo. Anayemsikia bila kumwona amepata nusu tu.

Alhamisi ikafika, na kina mama wakafika. Nilikuwa nimepanga viti kuelekea tivi, ambayo ni kubwa na ina spika zinazosikika mpaka kwa jirani. Nikafungua video ya mwalimu kwenye simu, nikabonyeza ile alama ya kurusha picha kwenye tivi. Simu ikazunguka, ikazunguka, ikaniambia hakuna kifaa kilichopatikana. Tivi ilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Nikabonyeza tena. Nikazima simu, nikaiwasha, nikazima tivi, nikaiwasha. Hakuna kifaa.

Basi tukaikusanyikia ile simu, vichwa sita juu ya kioo cha ukubwa wa kiganja. Muuguzi aliona. Fundi wa cherehani, ambaye macho yake yamechoshwa na sindano, hakuona kitu. Aliyekaa mbele alifunika sauti kwa mkono wake bila kujua, wa nyuma wakaimba walichokisia. Kufikia saa kumi na nusu tulikuwa tumejifunza mistari miwili, tena vibaya.

Mama mboga ndiye aliyesema. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa amechoka. "Labda yule kijana alisema ukweli. Hata tivi imetushinda."

Niliwasindikiza mpaka barabarani. Niliporudi, mwanangu alikuwa jikoni akijimiminia chai. Nikamuuliza kwa nini simu yangu haioni tivi yangu.

Alinieleza kwa haraka, kikombe mkononi. Alikuwa ameigawa waifai ya nyumba mara tatu. Sehemu ya kwanza ni ya kazi yake, na hapo hakuna kingine kinachoingia. Ya pili ni ya vitu vya nyumba, tivi na kamera ya geti na ile diski anayohifadhia mafaili yake. Ya tatu ni ya wageni. Vitu vya sehemu moja havioni vya sehemu nyingine. Kampuni yake ilitaka hivyo, na hata isingetaka, ni usalama.

"Na simu yangu iko wapi?"

Akajikuna shingo. "Iko kwa ya wageni, mum."

Akaongeza haraka kwamba ni kwa sababu nafungua kila linki inayotumwa kwenye kundi la kina mama. Sikuwa na la kubisha. Niliwahi kubonyeza tangazo la unga wa bure, na simu ikaniletea picha za aibu kwa wiki nzima. Lakini kuwekwa na wageni ndani ya kuta nilizozipiga lipu mwenyewe, na nisiambiwe, kulinichoma. Nikamwomba anitengenezee njia ya kufikia tivi. Akasema wikendi.

Wikendi ikapita. Alikuwa na kazi, halafu alikuwa na mechi, halafu alikuwa amelala. Jumapili jioni nikamkumbusha. Akanijibu bila kuinua macho.

"Ni vitu za ndani sana, mum. Hutaelewa."

Huyu mtoto nampenda, na ana jina la baba yangu. Lakini neno lile nilikwenda nalo chumbani na nikashindwa kuliacha.

Nilifanya kazi ya swichibodi katika kiwanda kimoja cha Indas, eneo la viwanda, kwa miaka ishirini na sita. Simu zote za kiwanda kile zilipita mikononi mwangu. Kulikuwa na simu za ofisi na simu za upande wa mashine, na za upande wa mashine hazikuruhusiwa kwenda nje. Hiyo ilikuwa amri ya meneja. Siku moja fundi wa mashine alinipigia kutoka ndani, sauti ikitetemeka, kwamba ameletewa habari mkewe yuko hospitalini anajifungua na mambo si mazuri, na mkubwa wake amemwambia asubiri mapumziko. Nikamuunganisha na hospitali papo hapo. Kesho yake nikapewa barua ya onyo, na nafasi ya kueleza kama nimejutia. Nikaandika chini yake kwamba ningerudia. Barua hiyo ninayo mpaka leo, imekunjwa ndani ya Biblia.

Kwa hiyo mtu asiniambie sitaelewa simu inavyofika au isivyofika.

Jumatatu asubuhi nilienda Tassia kwa mama mboga, naye akanipeleka kwa mwanamke anayeunganisha intaneti kwenye maghorofa ya pale. Ana kibanda chini ya ghorofa moja, karibu na duka la dawa, kimejaa nyaya na rauta zilizofunguliwa matumbo. Ni mwanamke wa makamo, mikono imechubuka kwa kuvuta nyaya juu ya mapaa. Nilimweleza yote. Hakucheka, wala hakuniuliza mtoto wangu wa kiume yuko wapi.

"Mathe, simu yako haina shida," akasema. "Hapo umezuiwa na ukuta."

Akachukua karatasi ya risiti, akachora vyumba vitatu nyuma yake. Simu ikitaka tivi, alisema, haiendi moja kwa moja. Kwanza inapiga ukelele chumbani mwake: kuna tivi hapa? Tivi ikisikia, inajibu na kutaja namba yake. Lakini ukelele ule hauvuki ukuta. Tivi iko chumba cha pili, haijasikia kitu, na simu inaona iko peke yake duniani. Ndani ya rauta nzuri mna sehemu ya kuwashwa, nayo kazi yake ni kuuchukua ukelele wa chumba hiki na kuurudia chumba kile. Halafu lazima ufunguliwe mlango, kwa sababu kusikiana peke yake hakutoshi. Akanishauri pia tivi ipewe namba isiyobadilika, mlango usije ukaelekea mahali pasipo na mtu.

Akaniuliza kwa nini nisihamishwe tu, simu yangu iwekwe chumba kimoja na tivi. Hilo nilikuwa nimelifikiria njiani. Kina mama nao walikuwa wakirekodi kwenye simu zao, na nilitaka kila mmoja aweze kurusha yake. Simu sita za kundi letu, kwa linki tunazotumiana, sikuzitaka karibu na kamera ya geti wala mafaili ya mwanangu. Hapo nilikubaliana na mwanangu kabisa. Wageni wakae kwa wageni. Mimi nilitaka mlango mmoja, kutoka kwao hadi kwa tivi, basi.

"Huyo kijana wako ana rauta gani?" akauliza. Nilikuwa nimeipiga picha. Akaitazama akasema hiyo inaweza hata usingizini.

Nilirudi nyumbani nikachora upya, kwenye karatasi kubwa, kwa rula. Vyumba vitatu, mishale, na namba. Mwanangu aliposhuka kula saa nane nikaiweka kando ya sahani yake ya ugali na sukuma.

Aliiangalia akitafuna, kisha akaacha kutafuna. "Nani amekuchorea hii?"

"Nimechora mwenyewe. Nimeelezwa na mtu anayejua, na nimeelewa."

Akaanza kuniambia kuhusu mashine ya kazi, kwamba ikiingiliwa na kitu chochote atafutwa kazi siku hiyo hiyo, bila barua. Alikuwa na hofu ya kweli, niliiona, na sikuidharau. Nikaweka kidole kwenye chumba cha kwanza.

"Kwako sijagusa. Angalia. Hakuna mshale unaoingia."

Akaangalia. Akasema sawa, nimeona, nitaifanya wikendi.

Nikamwambia wikendi ni mbali. Mkataba wa intaneti uko kwa jina langu, na namba wanayopigia ni yangu. Wenzangu walikuwa wanakuja Alhamisi saa tisa. Kabla ya saa hiyo, ama angefungua mlango ule, ama ningewapigia kampuni ya intaneti waje waifute yote na kuanza upya, na yeye apange yake kutokana na watakachokiacha.

"Mum, unanitisha?"

"Nakuarifu."

Jumanne hatukusemezana sana. Alishuka, akala, akapanda. Mimi nilifua mapazia. Nilikuwa tayari kupiga ile simu, na nadhani alinisikia nikiitafuta namba ya kampuni kwenye droo, kwa sababu niliifungua na kuifunga kwa nguvu kidogo. Kumuumiza sikutaka. Lakini nilikuwa nimeambiwa nipumzike na kiongozi wa kwaya, nikaambiwa sitaelewa na mtoto niliyemzaa, vyote ndani ya wiki mbili, na niliona wazi kwamba nikinyamaza mara hii nitanyamaza mpaka kaburini.

Jumatano saa sita alishuka na kompyuta yake, akaiweka kwenye meza ya kulia.

"Leta ile karatasi," akasema.

Nikakaa kando yake. Aliingia kwenye rauta, nami nikaomba anisomee kila anachokibonyeza. Alianza kwa kununa, akaendelea kwa kuzoea. Akawasha kile cha kurudia ukelele. Akaipa tivi namba yake. Akaandika kanuni ya kuruhusu chumba cha wageni kifike kwenye tivi, na tivi peke yake, si kamera, si diski. Kisha akaniambia nijaribu.

Nikabonyeza ile alama. Jina la tivi likatokea kwenye simu yangu, kwa mara ya kwanza. Nikarusha mahubiri fulani kutoka mtandaoni, tivi ikawaka, mhubiri akajaa ukutani. Mwanangu akainua mikono kuonyesha kazi imekwisha, akaanza kufunga kompyuta.

"Ngoja," nikasema. Nikamrusha mwalimu.

Tivi ikawa nyeusi. Duara likazunguka katikati ya kioo, likazunguka mpaka likakata tamaa. Tukajaribu tena. Mhubiri alikubali, mwalimu alikataa. Mwanangu akasema labda video ni nzito, au simu yangu ni ya zamani, ninunue nyingine. Alikuwa na mkutano baada ya nusu saa.

Nilishika karatasi yangu nikaitazama. Mshale niliouchora ulitoka kwa simu ukaenda kwa tivi, ukaishia pale. Nikamfikiria mhubiri na nikamfikiria mwalimu, mmoja anakaa wapi na mwingine anakaa wapi.

"Mhubiri yuko nje kwa intaneti," nikamwambia. "Simu inaiambia tu tivi mahali alipo, tivi inaenda kumchukua yenyewe. Mwalimu hayuko nje. Yuko ndani ya simu yangu. Tivi lazima ije kwangu kumchukua, na wewe umefungua mlango wa kwenda tu. Inagonga na haifunguliwi."

Alifungua kompyuta tena, akasoma kitu, akasoma tena. Halafu akaandika kanuni ya pili, ya kuruhusu tivi ije kwenye chumba cha wageni kuchukua inachoitiwa. Akabonyeza.

Mwalimu akatokea. Alikuwa mkubwa kama dirisha, koti lake la kahawia limefungwa mpaka juu, mkono ukiinuka. Sauti yake ikajaa sebule, na mbwa wa jirani akaanza kubweka.

Mwanangu hakumtazama mwalimu. Alikuwa akinitazama mimi. Tulimsikiliza mpaka mwisho wa ubeti. Kisha akaniambia samahani kwa lile neno alilosema Jumapili.

"Samahani nimeipokea, baba," nikamwambia. "Usirudie. Na hiyo paswadi ya rauta uniandikie."

Aliniandikia. Akaiandika kwa herufi kubwa, kwa mkono wake, na akachelewa mkutano.

Alhamisi ile kina mama walikaa kwenye viti vyao, kila mtu na miwani yake. Fundi wa cherehani alipouona mkono wa mwalimu umejaa kwenye kioo, alisema sasa anaona pa kupumulia, na akaanza kuimba kabla yetu. Tulirudia ubeti wa kwanza mpaka ukalainika. Tulimsimamisha mwalimu, tukamrudisha nyuma, tukabishana naye kama yupo. Wiki ya pili muuguzi alileta rekodi yake mwenyewe, ya sauti ya kwanza, akairusha kutoka kwenye simu yake akiwa amekaa. Hakuna aliyemshikia simu. Mama mboga alichukua wimbo wa tatu, ule mgumu kuliko yote, akakaa nao kibandani kwake siku nzima akiupiga kwa mluzi mbele ya wateja, na Alhamisi ya tatu ndiye aliyetusahihisha sisi.

Jumamosi iliyofuata tulienda kwenye mazoezi ya kwaya bila kuitwa. Tulisimama nyuma mpaka wakapumzika kunywa maji. Nikamwambia kiongozi kwamba tuna nyimbo tatu tungependa azisikie. Aliangalia saa yake. Nikamwambia hatutachukua muda mrefu, na kabla hajajibu muuguzi akatoa sauti ya kuanzia.

Tuliimba zote tatu, bila karatasi. Katika wimbo wa pili kuna mahali ambapo sauti ya pili inabaki peke yake, na vijana wake walikuwa wakipaharibu tangu tulipoingia, tuliwasikia. Sisi tulipita pale bila kuteleza. Mabinti wawili wa sauti ya pili walisogea karibu wakaanza kutufuata midomo. Tulipomaliza, kiongozi alikohoa. Akasema tumefanya vizuri. Akasema kwenye tamasha tunaweza kusimama mstari wa nyuma.

"Sauti ya pili husimama na sauti ya pili," nikamwambia. "Mstari wa nyuma ni wa warefu."

Mimi ni mfupi, na wenzangu watatu ni wafupi kuliko mimi. Tulisimama mstari wa mbele.

Tamasha lilienda vizuri. Hatukuwa wa kwanza, wala wa mwisho. Baadaye, tukikusanya majoho ya kwaya, kiongozi alinifuata akaniuliza tulijifunza vipi kwa muda mfupi vile, na kama naweza kumtumia rekodi za mwalimu awape vijana wake. Alikuwa na sauti nyingine safari hii, hakuwa akitabasamu lile tabasamu la karibu na stoo. Nilimjibu kwamba rekodi ninazo lakini mwalimu hafundishi kwa kutumwa kwenye simu, lazima mtu amwone mkono. Nikamwambia aje kwangu Alhamisi saa tisa kamili, aje na wale mabinti wawili, avue viatu mlangoni.

Alikuja. Alichelewa dakika ishirini, na tulikuwa tumeanza bila yeye.